TANZAM si TAZARA: yanayosemwa kuhusu barabara ya Dar hadi Tunduma, na ukweli wake

Ukipanda basi la alfajiri kutoka stendi ya Mbezi kwenda Mbeya, hamjafika Mikumi utakuwa umeshasikia abiria mmoja akimweleza mwenzake: "Hii barabara walijenga Wachina enzi za Mwalimu." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma, na kila mara yananiuma. Barabara hii ina historia yake, na waliotangulia kuipita hawastahili kusahaulika kwa sababu ya kuchanganya majina.

"Ilijengwa na Wachina, pamoja na reli"

Kinachowachanganya watu ni herufi. TANZAM ni barabara, TAZARA ni reli, TAZAMA ni bomba la mafuta. Vyote vitatu vinaanzia Dar es Salaam, vyote vinakwenda Zambia, na vyote vilijengwa katika kipindi cha miaka kumi tu, kwa hiyo kosa lenyewe linaeleweka.

Wachina walijenga reli. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Bomba lilijengwa na Waitaliano na kuanza kazi mwaka 1968, kilomita 1,710 hadi Ndola. Barabara ya lami ilijengwa vipande kwa vipande, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na fedha zake nyingi zilitoka Benki ya Dunia, Marekani na Sweden.

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Benki ya Dunia iliikataa reli kwa hoja kwamba haitalipa, ikaona barabara ndiyo ingefaa. Nyerere na Kaunda, rais wa Zambia, hawakukubali kuchagua kimoja. Barabara wakaichukua kwa nchi za Magharibi, reli wakaichukua kwa Wachina. Ikawa kwamba mwaka 1970 na 1971 vibarua wa Kitanzania walikuwa wakichimba na kushindilia kwenye miradi miwili mikubwa, mmoja ukilipiwa na Washington na mwingine na Beijing, wakati Washington na Beijing hazikuwa hata na mabalozi wa kubadilishana. Mimi naona hiyo ilikuwa siasa ya kutofungamana kwa vitendo, na inasikitisha kwamba watoto wetu wanaijua nusu tu ya habari hiyo.

"Barabara na reli zinakwenda sambamba tangu Dar"

Hapana. Reli ikitoka Dar inashika kusini-magharibi, inapita katikati ya mbuga kubwa ya wanyama iliyojulikana kama Selous, inaingia bonde la Kilombero kupitia Ifakara na Mlimba, kisha inapanda milima hadi Makambako. Barabara inakwenda magharibi: Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Bonde la Mibuyu kando ya mto Ruaha, mlima Kitonga, Ilula, Iringa, Mafinga. Makambako ndipo zinapokutana, na kutoka hapo zinafuatana, mara karibu mara mbali, hadi Tunduma. Kinachokwenda sambamba na barabara tangu Morogoro ni bomba, lakini limefukiwa, na ni wachache wanaojua kwamba mafuta yanapita chini ya mashamba wanayoyaona dirishani.

"Kabla ya lami hapakuwa na njia"

Njia ilikuwepo, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote.

Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964 ilirithi reli iliyoelekea kusini. Shaba yake ilipitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwenda bandarini, na mafuta yake yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, akatangaza uhuru wa Rhodesia ya walowezi wachache. Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, na mafuta ya Zambia nayo yakakatwa. Nchi nzima, migodi, hospitali na matrekta yake, ikabaki bila mafuta kwa kosa lisilo lake.

Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikabeba mapipa ya mafuta kwa angani, lakini ndege haiwezi kulisha nchi. Ikabidi malori yaanze safari kutoka Dar. Yalikwenda na mafuta na kurudi na shaba, kwenye barabara ambayo haikuwahi kukusudiwa kubeba uzito wa namna hiyo. Masika yalipoingia, lori lilikwama siku nyingi, dereva na utingo wakalala chini yake, wakapika kandokando ya njia, wakangoja tope likauke. Wengine walitumbukia na magari yao kwenye makorongo. Madereva na waandishi wa habari wa wakati huo waliipa njia hiyo jina la Kiingereza, "Hell Run", yaani mbio za jehanamu. Mwaka 1966 serikali mbili, pamoja na mbia wa Kitaliano, ziliunda kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, na malori ya Fiat yakawa ndiyo sura ya barabara hii.

Kwa hiyo anayesema TANZAM ilijengwa "ili kuunganisha mikoa ya nyanda za juu kusini" anataja faida iliyofuata. Kilicholeta lami ni jirani aliyebanwa. Januari 1973 Smith akafunga mpaka wake na Zambia. Alipobadili mawazo wiki chache baadaye, Kaunda ndiye aliyekataa kuufungua, na ukabaki hivyo hadi 1978. Reli ilikuwa bado inajengwa. Mzigo ukapita barabarani.

"TANZAM ndiyo Great North Road"

Ni kweli kwa nusu. Great North Road ya wakoloni, ile ya ndoto ya kutoka Cape hadi Cairo, ilipita Tunduma na Mbeya, lakini ikifika Iringa ilikata kaskazini kwenda Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha na Namanga. Haikwenda Dar. Zambia bado wanatumia jina hilo kwa upande wao, kuanzia Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Kwetu, ile ya Dodoma ilibaki vumbi kwa miaka mingi baada ya TANZAM kupata lami.

"Barabara inapita Iringa mjini"

Inapita Ipogolo, bondeni. Mji uko juu ya kilima, na basi linaloingia mjini linapanda kisha linashuka tena. Kitonga nayo wengi hudhani ndiyo kilele cha safari, kwa sababu pale ndipo injini zinapolia na moyo unapodunda. Lakini ukimaliza Kitonga bado unapanda. Mafinga, kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huo ubaridi unaokufanya uvae sweta pale unatokana na hilo.

"Barabara iliingilia hifadhi ya Mikumi"

Njia ya Morogoro kwenda Iringa ilikuwepo kabla Mikumi haijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Lakini ukweli huu usiwe kisingizio cha mtu kukanyaga mafuta. Kwa takriban kilomita 50 swala, nyati, twiga na tembo wanavuka lami ileile, na vibao vimewekwa vya mwendo na vya faini ya kila mnyama anayegongwa. Twiga hajui kwamba barabara ilimtangulia kisheria.

"Mvua ndiyo inayoiharibu"

Maji yanachangia, sikatai. Lakini muulize yeyote anayefanya kazi kwenye mizani ya kupimia malori, iwe Vigwaza, Mikese au Makambako, kwa nini wanahangaika na tani moja ya ziada. Wahandisi wa barabara wanakadiria kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwa lami yanaongezeka kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyozidishwa kwa asilimia 20 haidhuru kwa asilimia 20 zaidi, inadhuru takriban mara mbili. Ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na kikomo kingine kwa kila ekseli: lori linaweza kuwa ndani ya tani 56 na bado likashikwa kwa sababu mzigo umelalia nyuma. Yale mawimbi na mifereji ya magurudumu unayoiona kwenye miteremko ni kazi ya uzito huo. Kwa sababu hiyo hakuna kipande cha TANZAM kilichoachwa kama kilivyojengwa mwanzo. Denmark iligharimia kukifufua kipande cha Iyovi hadi Iringa na Mafinga, na vingine vimefufuliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia.

"Inaishia Tunduma"

Namba yake ya Tanzania, T1, ndiyo inayoishia pale, baada ya zaidi ya kilomita 900 na mikoa saba. Lami haiishii. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde zinahudumiwa kwa kituo kimoja cha pamoja cha forodha, na malori yanaendelea Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, kisha mengi yanapinda kwenda Kasumbalesa na kuingia Kongo. Shaba inayoshuka leo kwenda bandari ya Dar inatoka Zambia na kwa wingi pia Katanga.

Dereva anayepakia Kurasini anaondoka akizungumza Kiswahili. Akivuka Nakonde anaingia kwenye Kinamwanga na Kibemba, siku kadhaa za kuomba maji na kuulizia spea kwa lugha za watu. Akishavuka Kasumbalesa na kufika Lubumbashi, mama anayeuza chakula kando ya barabara anamkaribisha kwa Kiswahili.