Kuhara kwa Kuku: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mfugaji mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba ana nafasi ambayo mwenye maelfu hana, nayo ni kumtazama kila kuku asubihi anapotoka bandani. Nafasi hiyo hupotea pale anapoamini kwamba kuhara ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja, ilhali kuhara ni dalili tu, na nyuma yake huweza kuwapo vijidudu, bakteria, virusi, minyoo, chakula kilichoota ukungu au hata joto kali linalomfanya kuku anywe maji mengi kupita kawaida.

"Rangi ya kinyesi hutaja ugonjwa."

Dhana hii ndiyo inayopoteza kuku wengi na dawa nyingi. Kinyesi cha kawaida kina sehemu ngumu ya kahawia au kijivu yenye kofia nyeupe juu yake, na weupe huo si maradhi: figo za kuku hutoa asidi ya yuriki iliyo kama chokaa, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Zaidi ya hayo, mara chache kwa siku kuku mzima hutoa kinyesi laini, cheusi kidogo, kinachonata na kunuka sana. Hicho hutoka katika mifuko miwili iliyoziba upande mmoja, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, na wafugaji wengi wapya hukichukulia kuwa kuhara. Kinyesi cha kijani nacho mara nyingi humaanisha kwamba nyongo inapita katika utumbo usio na chakula. Kuku mwenye kideri (ugonjwa wa virusi) huweza kutoa kinyesi hicho, mwenye homa ya matumbo pia, na hata yule aliyezuiwa na wenzake asifike kwenye chakula.

Kwa hiyo kinyesi kisomwe pamoja na kuku mwenyewe. Mshike, upapase mfupa wa kidari: ukichomoza kama kisu huku nyama ya pembeni imekwisha, tatizo halikuanza jana. Tazama kama upanga wa kichwani umepauka, kama mbawa zimeshuka, kama anajikunyata na kufumba macho wakati wenzake wanachakura, na kama manyoya ya sehemu ya haja yameshikana kwa uchafu.

"Pasipo na damu, hapana koksidiosisi."

Ugonjwa huu husababishwa na vijidudu vya aina ya protozoa viitwavyo Eimeria, na kwa muda mrefu spishi 7 zimetambuliwa kwa kuku. Ile inayojulikana zaidi, Eimeria tenella, hushambulia ile mifuko miwili niliyoitaja, na kifaranga akifa ukampasua, utaikuta imevimba na kujaa damu. Spishi nyingine hukaa juu zaidi katika utumbo na huenda zisionyeshe damu hata kidogo: kuku hukonda, hupauka, hutoa kinyesi cha majimaji au chenye ute, na waliokuwa wakitaga hupunguza mayai. Kusubiri damu ni kusubiri mno, kwa sababu inapoonekana ukuta wa utumbo umekwisha kuharibika. Upande wa pili, vipande vidogo vya utando wenye rangi ya chungwa vinaweza kutoka kwa kuku mzima anayekula na kuchangamka, na hivyo peke yake havitoshi kumwanzishia dawa.

"Antibayotiki hutibu kuhara kwote."

Eimeria si bakteria, hivyo antibayotiki nyingi haziigusi. Dawa za salfa ni za kipekee kwa kuwa hufanya kazi pande zote mbili, lakini zikizidi kipimo au muda huweza kusababisha kutoka damu na kuumiza figo, na mabaki yake huingia katika mayai. Dawa inayotumika sana ni amproliamu. Kwa mlipuko, kiwango cha kawaida ni asilimia 0.012 hadi 0.024 katika maji ya kunywa kwa siku 3 hadi 5, kisha asilimia 0.006 kwa wiki 1 hadi 2. Lakini bidhaa hutofautiana nguvu, kwa hiyo kipimo kifuate maelezo ya pakiti au ya daktari wa mifugo. Dawa hii hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, hata kijidudu kikakosa vitamini ya kweli. Ndiyo maana ninasisitiza: usichanganye maji hayo na vitamini za kundi B kwa nia njema ya kumpa mgonjwa nguvu, kwa kuwa utakuwa unamlisha adui. Vitamini zisubiri hadi dozi iishe.

Tiba itolewe kwa kundi zima, kwani waliobaki wamekwisha kumeza vijidudu vilevile. Dawa huwekwa kwenye maji kwa sababu kuku mgonjwa huacha kula kabla ya kuacha kunywa. Asiyekunywa kabisa atengwe na anyweshwe kwa matone pembeni mwa mdomo.

"Dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo."

Piperazini huondoa minyoo mikubwa ya mviringo, wala haiondoi tegu, ambao kuku huwapata kwa kula wadudu kama mbawakavu na sisimizi. Uchunguzi wa kinyesi kwa darubini ndio unaoamua dawa.

"Nimepulizia dawa bandani, vijidudu vimekwisha."

Mayai ya Eimeria yana ganda linalostahimili dawa nyingi za kusafishia. Udhaifu wake ni ukavu: baada ya kutoka na kinyesi huhitaji unyevu, joto na hewa kwa siku 1 hadi 2 ndipo yaweze kuambukiza. Kuondoa maranda yaliyolowa kuzunguka chombo cha maji, kuinua vyombo visichafuliwe na kutosongamanisha vifaranga kunasaidia kuliko kupulizia. Hata hivyo banda lisilo na kijidudu hata kimoja halipatikani, na kuku anayemeza vichache hujenga kinga. Ndiyo sababu kuku wakubwa hubeba vijidudu bila kuugua, na vifaranga wanaochanganywa nao mapema huanguka.

Eimeria ya kuku haimwambukizi binadamu, ila bakteria wa salmonela huweza, basi mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika kuku au kinyesi. Wakifa kadhaa kwa siku chache, usiendelee kujaribu dawa: mfikishie daktari wa mifugo mzoga mbichi uliopoozwa bila kugandishwa, pamoja na kinyesi cha siku hiyo, na mpaka majibu yatoke usiuze wala usihamishe kuku yeyote.