Raia, mchungaji na kitabu cha kliniki

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti yangu kliniki hapa Lamu, kumpimisha mjukuu wangu wa miezi minne. Muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akasoma uzito, kisha akafungua kitabu cha mama na mtoto na kutia nukta moja kwenye mchoro wenye mistari iliyopinda. Nukta iliangukia chini ya mstari uliotarajiwa. Muuguzi hakutoa neno lolote la ukali, lakini binti yangu aliinamisha uso kama mtu aliyeshikwa na kosa. Mimi ambaye kwa miaka mingi nimefundisha nadharia za siasa niliona, katika nukta ile, jambo ambalo darasani hunichukua muhula mzima kulieleza.

Wataalamu huliita baiopolitiki. Mimi napenda kuliita siasa ya uhai. Mwaka 1976 mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault alilieleza kwa kulinganisha namna mbili za kutawala. Mfalme wa kale alikuwa na haki ya kuua au kumwacha mtu aishi. Alama yake ilikuwa upanga, na maadamu kodi imelipwa, uzito wa watoto haukumshughulisha. Dola zilizojengeka Ulaya tangu karne ya 17 na ya 18 zilishika njia nyingine: zilihesabu vizazi na vifo, zikafuatilia maradhi, zikasafisha miji, zikachanja watu, na hivyo zikajitwika kazi ya kuwafanya watu waishi, pamoja na uwezo wa kuwaacha wengine wafe. Kuacha huko ndiko wasomaji wengi hukupita haraka, nami nitakurudia.

Kwanza ile mistari. Ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupimwa watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolelewa katika hali inayofaa afya. Sina ugomvi na mistari hiyo, kwa sababu hufichua utapiamlo mapema. Ninachotaka kionekane ni kwamba hakuna askari wala faini iliyomlazimisha binti yangu, na bado jioni ile alipanga upya saa za kunyonyesha, akamkatalia mama mkwe wake aliyependekeza uji mwepesi, kwa kuwa kitabu kimesema mtoto asipewe kitu ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita. Mamlaka yalikuwa yameingia nyumbani bila kupiga hodi, nayo yakizungumza kwa sauti ya binti yangu mwenyewe.

Katika mihadhara yake ya mwaka 1978, Foucault alitafuta chimbuko la utawala wa namna hii katika sura ya mchungaji, ambaye hulinda kundi zima na papo hapo humwangalia kila mnyama mmoja mmoja. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Neno letu raia limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kuchunga. Kila aliyepita chuo cha Kurani hapa Lamu ameisikia hadithi ya Mtume isemayo kwamba kila mmoja wenu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hadithi inamtwika mzigo mchungaji. Dola ya kisasa, nionavyo mimi, imeuhamishia kwa anayechungwa, ambaye ndiye hutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni wa zizi hili.

Uthibitisho huo tuliuanza vibaya. Sheria ya kikoloni ya Kenya ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za ajira yake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Hapo mkoloni hakuwa akiangalia afya ya mtu bali nguvu zake za kazi, asije akatoroka shamba la Mzungu. Karatasi hiyo iliitwa kipande, na mpaka leo wengi wetu tukisema kipande tuna maana ya kitambulisho. Foucault aliitazama zaidi Ulaya. Mwanafalsafa Achille Mbembe wa Kamerun ndiye aliyesisitiza, mwaka 2003, kwamba ukiisoma siasa ya uhai bila koloni hutaona jinsi mamlaka yanavyoamua uhai wa nani hauna thamani.

Sasa kule kuacha. Mchungaji hana haja ya kumchukia kondoo asiye wake, yatosha asimhesabu. Wapemba waliovua na kuzaa katika pwani ya Kenya kwa vizazi kadhaa walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya nchi hii mwaka 2023 tu. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu wala hafungui akaunti ya benki. Mradi wa Huduma Namba, wa kumsajili kila mtu kwa namba moja ya utambulisho, ulipoletwa mwaka 2019, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya faragha, na Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kuchukuliwa kwa vinasaba (DNA) vya watu. Mimi nilisumbuliwa zaidi na swali la mtu ambaye hakuwamo katika daftari la kwanza: ataingiaje katika la pili?

Swali hilo huanza siku ya kuzaliwa. Mtoto wa hospitali huandikwa na wahudumu wa hapo hapo. Aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga huandikwa kupitia kwa naibu wa chifu, na ikipita miezi sita huhesabiwa kuwa amechelewa. Mkunga aliyekata kitovu anaijua siku ile na saa yake, lakini kujua kwake si cheti. Mjukuu wangu ana binamu aliyezaliwa kisiwani kwa njia hiyo, sasa ana mwaka na nusu. Kovu la chanjo liko mkononi mwake, nukta zake zimejaa kitabuni, na kila mwezi muuguzi humwita kwa jina. Cheti hana.