Jampu bluzi ni nini, na uanzie santuri zipi

Jampu bluzi (kwa Kiingereza jump blues, bluzi ya kuruka) ni bluzi ya kuchezea dansi. Ndivyo ningemjibu mtu mwenye haraka. Mwenye nafasi ningemwambia zaidi: ni muziki ulioshamiri mijini Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950, ukipigwa na bendi za watu sita au saba waliotaka kutoa kishindo cha bendi ya watu kumi na sita. Na ningemwongezea kwamba si kazi ya msanii mmoja aliyejifungia chumbani akabuni. Kwa sehemu kubwa ulitokana na hesabu za mishahara, kodi na petroli.

Tutangulize bluzi yenyewe, kwa kuwa jampu haikugusa mifupa yake. Ubeti wa bluzi una mishororo mitatu. Wa kwanza unaimbwa, wa pili ni ule ule umerudiwa, wa tatu unakuja na jibu. Kwa Kiswahili ungeweza kuwa hivi:

Nimerudi toka kazini, nimekuta mlango wazi,
Ee, nimerudi toka kazini, nimekuta mlango wazi,
Mwizi kamwiba mpishi, kaniachia mbuzi na nazi.

Mizani haijakaa sawa, najua, na bluzi haijali mizani. Inachojali ni kule kurudia. Msikilizaji akishausikia mshororo wa kwanza mara mbili, anaanza kungoja, na mwimbaji hodari anamchelewesha makusudi. Chini ya maneno hayo muziki unatembea vipimo kumi na viwili vyenye mapigo manne manne. Vinne vya kwanza gitaa au piano inakaa nyumbani, kwenye sauti ya msingi. Kisha inapanda ngazi ya nne kwa vipimo viwili, inarudi nyumbani kwa viwili, inagusa ngazi ya tano, inateremkia ya nne, inarudi nyumbani, na mzunguko unaanza upya. Kila mshororo huchukua kama nusu ya nafasi yake tu. Nusu iliyobaki ni ya chombo kumjibu mwimbaji. Ukilishika hilo umeshika santuri zote nitakazozitaja, isipokuwa chache zenye umbo lao.

Sasa neno linalowachanganya wengi: bluzi klasiki. Mtu akilisikia anadhani ni bluzi yoyote ya zamani, basi anatafuta mzee mmoja na gitaa lake kibarazani huko Mississippi. Wanaoandika historia ya muziki huu wana maana finyu zaidi. Kwao bluzi klasiki ni ile ya waimbaji wanawake wa miaka ya 1920, wanawake wa jukwaani waliovaa shanga na manyoya, wakisindikizwa na piano au bendi ya jazi. Mzee wa gitaa alirekodiwa baadaye. Robert Johnson, ambaye leo ndiye sura ya bluzi kwa watu wengi, aliingia studio mwaka 1936 na 1937 tu, akaacha nyimbo 29, akafariki 1938 akiwa na miaka 27. Wanawake walikuwa wamemtangulia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Mlango ulifunguliwa tarehe 10 Agosti 1920 jijini New York, Mamie Smith aliporekodi "Crazy Blues", wimbo wa Perry Bradford, kwa kampuni ya Okeh. Hadi siku hiyo kampuni za santuri hazikuamini kwamba Wamarekani weusi walikuwa soko. Santuri ilipouzika kama maandazi ya asubuhi, zikaanza kugombania waimbaji. Kusema kweli, mimi naisikiliza kwa heshima kuliko kwa raha. Mamie alikuwa mwimbaji wa maonyesho, na bluzi yenyewe haijamkaa kooni.

Ukitaka koo la bluzi, nenda kwa Bessie Smith. "Downhearted Blues" ya 1923 ni yeye na piano ya Clarence Williams tu. "St. Louis Blues" ya Januari 1925 ndiyo ningemwekea mgeni kwanza. Louis Armstrong yuko kwenye koneti, tarumbeta fupi, Fred Longshaw anapiga kinanda cha mivukuto kinacholia kama cha kanisa dogo. Siku hiyo hapakuwa na maikrofoni. Mwimbaji aliimba mbele ya bomba lenye mdomo mpana kama faneli, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano kuchora nta. Msikilize Bessie anavyoburuta kila neno, halafu Armstrong anamjibu kwenye ile nafasi niliyoitaja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Ma Rainey, aliyekuwa jukwaani miaka mingi kabla ya wote hawa, ana "See See Rider Blues" ya 1924, naye akiwa na Armstrong. Ubora wa sauti ni mbaya. Kampuni yake, Paramount, ilikuwa tawi la watengeneza viti wa Wisconsin walioingia kwenye santuri kwa sababu walikuwa wakiunda makabati ya gramafoni, na santuri zao zinakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Vumilia. Masikio yakishazoea utaisikia sauti nzito isiyomwomba mtu ruhusa.

Mdororo wa uchumi uliofuata mwaka 1929 uliua biashara hiyo. Mwaka 1931 kampuni ya Columbia ilimwacha Bessie Smith. Alirudi studio mara moja tu, Novemba 1933, na moja ya nyimbo za siku hiyo, "Gimme a Pigfoot", ndiyo daraja la habari yetu. Si bluzi ya vipimo kumi na viwili, ni wimbo wa karamu ya nyumbani: kula, pombe, piano, kelele. Bendi nyuma yake inabembea kwa mtindo wa miaka ya 1930, na Chu Berry yumo na saksafoni yake. Bessie anasikika kama mtu aliyekwisha kuingia zama mpya. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1937, kabla zama hizo hazijapata jina.

Upande wa pili wa daraja ni Kansas City. Huko Joe Turner aliuza vinywaji kaunta huku akiimba kwa kupaza sauti, bila maikrofoni, ikimfikia mtu wa mlangoni. Desemba 1938 yeye na mpiga piano Pete Johnson walipelekwa ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na wiki moja baadaye wakarekodi "Roll 'Em Pete". Ni watu wawili tu. Mkono wa kushoto wa Johnson unakimbiza bugi-wugi, mapigo manane kwa kila kipimo, na Turner anaketi juu yake kama abiria wa dirishani asiye na wasiwasi wowote. Hapa bluzi imeshaanza kuruka, ila bado haijapata saksafoni.

Ndipo zikaja hesabu. Bendi kubwa za dansi za miaka ya 1930 zilikuwa na wapigaji kumi na tano au zaidi, na wote wanakula, wanalala, wanalipwa. Vita ya Pili ya Dunia ilipoingia, vijana wakachukuliwa jeshini, petroli na matairi yakatolewa kwa mgawo. Mwaka 1944 serikali ya Marekani ikapiga kumbi za burudani kodi ya asilimia 30, iliyopunguzwa baadaye kuwa asilimia 20. Mwenye ukumbi akilipa kodi hiyo, bendi ya watu kumi na sita anaipata wapi? Akaita ya watu saba, na watu saba wakalazimika kujaza ukumbi ule ule. Saksafoni mbili na tarumbeta moja zikafundishwa kupiga kwa pamoja vifungu vifupi vinavyorudiwa, kazi iliyokuwa ya safu nzima ya vyombo vya kupulizwa. Besi na ngoma zikapewa mwendo wa kuchechemea, refu-fupi, refu-fupi. Gitaa la umeme likaingia kusaidia. Mwimbaji naye akawa mchekeshaji.

Aliyejua hesabu hizo mapema kuliko wote ni Louis Jordan, mzaliwa wa Brinkley, Arkansas, mwaka 1908. Aliwahi kupiga saksafoni kwenye bendi kubwa ya Chick Webb, akaondoka 1938 na kuunda kikundi kidogo, kabla vita haijamlazimisha mtu. Kikundi kikaitwa Tympany Five hata pale kilipokuwa na watu zaidi ya watano, jina lilishazoeleka.

Kwa Jordan anza na "Caldonia" ya 1945. Mtu anamlalamikia mpenzi wake mwenye miguu mikubwa na kichwa kigumu, na kila anapolitaja jina lake sauti inaruka juu na kupasuka kama ya jogoo kijana. Hapo ndipo utaelewa kwa nini muziki huu umeitwa wa kuruka. "Choo Choo Ch'Boogie" ya 1946, iliyokaa wiki 18 kileleni mwa chati ya watu weusi, ni habari ya mtu anayetafuta kazi bila mafanikio, lakini kwa jinsi treni inavyokimbia ndani yake unaweza kuisikia mara kumi usigundue kwamba jamaa hana senti. Mimi nilichelewa kugundua.

Kilele chake, kwa maoni yangu, ni "Saturday Night Fish Fry" ya 1949. Ni ndefu kupita dakika tano, na kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, ikakatwa ikawekwa pande mbili. Jamaa wawili wako New Orleans, wanazamia karamu ya samaki mtaa wa Rampart, mambo yanachangamka, polisi wanavamia, na msimulizi anaishia mahabusu. Anaimba nusu anaongea, haraka haraka, kila neno likisikika. Mwenye masikio ya muziki wa kufokafoka atamtambua ndugu yake hapo.

Wakati huo mwanamuziki mweusi mwenye kujaza kumbi bado alizuiwa mlango wa mbele katika miji mingi, na chati za magazeti ziliziita santuri zake za mbari, kana kwamba wengine hawakuwa na mbari. Mwaka 1949 jarida la Billboard liliacha jina hilo na kuweka R&B, yaani rhythm and blues, pendekezo la mwandishi wake Jerry Wexler. Kwa hiyo ukisikia R&B leo, jua lilianza kuwa jina la kabati ambamo jampu bluzi iliwekwa.

Wengine nitawapitia mbio. Roy Brown alitunga "Good Rockin' Tonight", akampelekea Wynonie Harris, Harris akaukataa. Brown akaurekodi mwenyewe mwaka 1947, ukaanza kupendwa, na Harris akauona utamu baada ya chungu kuepuliwa. Akaurekodi Desemba mwaka huo huo kwa kampuni ya King ya Cincinnati, akamshinda mwenye wimbo. Msikie makofi kwenye toleo la Harris: yanaangukia pigo la pili na la nne, siyo la kwanza. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka. Ukijikuta unapiga makofi pale bila kufundishwa, unasikiliza jampu au mtoto wake.

Kwa saksafoni, Illinois Jacquet alikuwa na miaka 19 alipopiga "Flying Home" akiwa na bendi ya Lionel Hampton mwaka 1942, na baada yake kila mpiga saksafoni alitaka kuifanya ilie kama honi ya lori. Big Jay McNeely wa "Deacon's Hop" alifikia kupiga akiwa amelala chali sakafuni. T-Bone Walker na "Call It Stormy Monday" ya 1947 ni polepole, si ya kuruka, ila inatoka kwenye kumbi zile zile na gitaa lake ni somo. Na "Hound Dog" ya Big Mama Thornton, iliyorekodiwa 1952, iko ukingoni kabisa mwa jampu. Kwa wanaoijua kwa Elvis Presley tu, huyu mwanamke anabweka kweli.

Aliyemrekodia Jordan kwenye kampuni ya Decca, Milt Gabler, ndiye aliyesimamia wimbo wa rokenroli "Rock Around the Clock" wa Bill Haley, Aprili 1954, na alieleza kwamba alikuwa akiwaimbia wapigaji wa Haley vifungu vya Jordan ili wavinakili. Mwaka huo huo Jordan akaondoka Decca. Ile kampuni ya King nayo ilitoa "The Twist" ya Hank Ballard mwaka 1959. Chubby Checker akauimba upya 1960, ukazunguka dunia, na Nairobi ikawapata akina Daudi Kabaka waliougeuza twisti kuwa wao. Kwa hiyo babu wa twisti ya Kabaka alikuwa akipiga makofi Cincinnati.

Jambo moja la kuangalia unapotafuta nyimbo hizi mtandaoni. Mwaka 1956 Jordan alirekodi upya nyimbo zake kubwa kwa kampuni ya Mercury, kwa mipangilio ya Quincy Jones, na mara nyingi hizo ndizo zinazotangulia kwa sababu sauti yake ni safi. Si mbaya, gitaa lake lina makali. Lakini tafuta kwanza iliyoandikwa Decca, na usiisikilizie kwenye spika ya simu, maana besi itapotea yote na ndiyo inayorusha miguu.