HMO sio leseni, na "sisi ni familia moja" haisaidii kila mara

Kuna sentensi naisikia sana kwa watu wetu wanaopanga vyumba Uingereza, iwe Leicester, Reading au London mashariki: "hiyo nyumba haina HMO, usihamie." Au kinyume chake, "usijali, mwenye nyumba ana HMO." HMO ni kifupi cha House in Multiple Occupation, yaani nyumba inayokaliwa na watu wa kaya mbalimbali, lakini wengi wanaidhania ni leseni. Na wanaosikia wanaelewa vibaya, wanaenda kumwelekeza mgeni aliyeshuka ndege majuzi, naye anaenda kulipa dipoziti kwa kitu ambacho hakipo.

HMO sio karatasi. HMO ni namna nyumba inavyokaliwa. Kwa Sheria ya Nyumba ya 2004, ambayo ni ya England na Wales, nyumba ni HMO kama wanaishi humo watu watatu au zaidi ambao sio kaya moja, wanashea choo au sehemu ya kuogea au jiko, kuna kodi inalipwa, na hapo ndio makazi yao hasa. Basi. Ni ile nyumba ya vyumba kulia na kushoto, korido katikati, choo cha wote. (Kuna pia majengo yaliyokatwakatwa flati zamani bila kufuata kanuni za ujenzi, hayo tuyaache, na mwenye nyumba anayeishi humohumo na wapangaji wawili tu hahesabiki.) Kwahiyo nyumba inakuwa HMO siku ile watu wanapoingia na mabegi yao, kaunsili (halmashauri ya eneo) ijue isijue, mwenye nyumba atake asitake. Hakuna HMO "isiyo na HMO".

Leseni ni kitu kingine, kinakuja juu ya hilo, na sio kila HMO inaihitaji. Ya lazima kwa England yote ni pale watu wakifika watano na kaya zikawa mbili au zaidi. Ilipoanza Aprili 2006 ilikuwa mpaka nyumba iwe na ghorofa tatu, ndio maana wazee wa hapa bado wanasema "hii ya ghorofa mbili haihusiki", jamani hicho kipengele cha ghorofa kilifutwa tarehe 1 Oktoba 2018. Na watoto wanahesabiwa, hata mchanga wa wiki mbili. Mama na kichanga chake, mke na mume chumba cha pili, kijana mmoja chumba cha juu: hao ni watano, kaya tatu, leseni ya lazima.

Chini ya watano inategemea kaunsili. Kaunsili inaweza kuamua kwamba eneo lake hata HMO za watu watatu au wanne zinataka leseni, na jirani yake ng'ambo ya barabara isiamue hivyo. Afu kuna aina ya tatu ambayo haina uhusiano na HMO kabisa, kaunsili inaweka leseni kwa nyumba zote za kupanga za watu binafsi eneo fulani, hata kama umepanga wewe na mkeo tu. Newham, kaunsili ya London mashariki, walifanya hivyo karibu eneo lao lote Januari 2013. Sasa mtu akisikia mwenye nyumba wake kaambiwa alete leseni anasema "kumbe tunaishi HMO!" Hapana, dada, inawezekana kabisa mko familia moja na bado leseni inatakiwa.

Lakini kinachonikera zaidi ni hili la kaya, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo tunapoumia.

Sisi kwa Kiswahili kaya tunaijua kutoka kwenye sensa. Karani anakuja mlangoni anauliza mkuu wa kaya nani, na kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula pamoja, sufuria moja, hata kama mmoja ni mtoto wa rafiki wa baba aliyekuja kusoma. Ndio maana mtu wetu akiulizwa na ofisa wa kaunsili anajibu kwa moyo safi kabisa "we are one family", tunapika pamoja, tunachanga bili, tunazikana. Hasemi uongo. Ila sheria ya huku haiangalii sufuria. Inaangalia ndoa, watu wanaoishi kama mke na mume, na damu, na damu yenyewe imeorodheshwa: mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, kaka na dada, mjomba, shangazi, mpwa, binamu. Mtoto wa kambo ni mtoto. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali ni ndugu kamili. Na ndugu wa mke na ndugu wa mume wanaingia pia kupitia ile ndoa, kwahiyo wifi na shemeji wamo.

Ukiitazama vizuri hiyo orodha ni pana kuliko watu wanavyodhani. Kaka, mkewe, mdogo wa mkewe na mabinamu wawili wakipanga nyumba moja ni kaya moja, hiyo sio HMO hata wakiwa sita. Ila marafiki watatu waliosoma wote Tabora tangu form one, wanaoitana ndugu na wanatumiana hela za misiba, ni kaya tatu. Ndugu katika imani ni kaya mbalimbali. Mtu wa kijiji chenu ambaye bibi yako alimlea, kama hakuna damu wala ndoa, ni kaya nyingine. Inauma kusikia lakini ukishajua hivyo hutajaza fomu vibaya.

Scotland wana sheria yao, wao leseni inaanzia watu watatu wa familia tatu tofauti, ilianza kuwa lazima Oktoba 2000, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya wanafunzi wawili kufa kwa moto Glasgow kwenye flati ya chini yenye nondo madirishani. Naitaja kwasababu kuna watu wanaona leseni ni kaunsili inatafuta hela tu. Ada ipo ndio. Lakini kwenye leseni ndimo yamo king'ora cha moshi kila ghorofa, cheti cha gesi kila mwaka, na kwa England chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, wawili 10.22. Ile sebule iliyokatwa kwa ubao ikawa vyumba viwili mara nyingi haifiki. Na HMO ndogo isiyotakiwa leseni bado ina kanuni zake za tangu 2006, mwenye nyumba lazima aache njia ya kutokea wazi, sio baiskeli tatu na friji bovu koridoni.

Na ruhusa ya mipango miji ni jambo jingine tena, ofisi nyingine ndani ya kaunsili ileile, leseni haikupi hiyo na hiyo haikupi leseni.

Sasa nani anabeba kosa. Sio mpangaji anayelipa kodi yake. Kosa la kuendesha HMO bila leseni ni la anayeisimamia au anayeimiliki kiutendaji, faini mahakamani haina kikomo, au kaunsili yenyewe inapiga hadi pauni 30,000, na sheria mpya ya wapangaji ya 2025 inapandisha mpaka 40,000. Wapangaji wanaweza kwenda kwenye baraza la nyumba kudai warudishiwe kodi, mpaka ya miezi 12, sheria hiyo mpya inaipeleka miezi 24.

Ndio maana nataka kumsahihisha kwa upole kaka yangu mmoja mwenye tabia ambayo wengi tunayo: amechukua nyumba kwa jina lake, anakaa chumba kimoja, vingine kawapa wenzake wanne, anakusanya kodi kila tarehe moja halafu anasema "mimi sio landilodi, ni mpangaji kama nyinyi." Kwa mwenye nyumba wa juu wewe ni mpangaji, sawa. Kwa hao wanne wewe ndiye mwenye nyumba wao, na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2023 ilisema amri ya kurudisha kodi inampiga yule aliye mwenye nyumba wa moja kwa moja wa mpangaji. Sheria ya 2025 imeongeza njia ya kumfikia na wa juu, haijakutoa wewe. Kila kaunsili inatakiwa kuwa na rejista ya leseni ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia, tafuta anwani yako humo, na kama haipo na mko watano, ongea na mwenye nyumba kabla hujapokea kodi ya mwezi ujao.