Shimo la Nyuma ya Mashine ya Mawese

Wengi wakisikia mimi ni mhandisi wa mazingira hapa Kigoma, hunionyesha moshi: wa mapipa ya kuchemshia chikichi, wa injini ya dizeli. Wana haki. Moshi huo unawaumiza macho na vifua akina mama wanaoshinda hapo. Lakini mimi nikifika kwenye mashine ya kukamua, la kwanza huuliza shimo la maji machafu liko wapi.

Wiki iliyopita nilichuchumaa kando ya shimo moja upande wa Simbo. Maji ya kahawia iliyokolea, utando wa mafuta juu, na kila baada ya muda mfupi povu linapanda, linavimba kama yai, linapasuka. "Hayo yamelala tu, mwanangu," mama mwenye mashine akaniambia.

"Hayajalala, mama. Yanapumua."

Maji yale yamebeba mabaki ya mafuta na nyama ya tunda. Vijidudu vinayala. Chini oksijeni haifiki, na vijidudu vya huko hutoa methani, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ule uvundo wa mayai viza ni wa gesi nyingine inayopanda nayo. Kilo moja ya methani, ikipimwa kwa miaka 100, hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Kwa miaka 20 hufika mara 80 hivi. Dizeli tunaihesabu kwa sababu tunainunua, na kila lita hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni dioksidi. Shimo halina risiti, kwa hiyo halihesabiwi, na hilo linanisumbua sana.

Masika shimo hufurika, maji yakashuka mtoni hadi ziwani. Kipimo chetu ni kiasi cha oksijeni ambacho uchafu utanyonya majini: kanuni za Tanzania zinataka kisizidi miligramu 30 kwa lita, ilhali maji machafu ya viwanda vikubwa vya mawese, kabla ya kusafishwa, huwa karibu 25,000. Tena Tanganyika tayari ina mzigo. Uso wake ukipata joto, maji ya juu huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na dagaa hukosa chakula.

Methani hudumu angani miaka 12 hivi tu, kwa hiyo tukiizuia leo nafuu haichelewi. Malaysia viwanda kadhaa hufunika mabwawa yao na kuchoma gesi hiyo kama nishati. Ikiungua hugeuka kaboni dioksidi na mvuke, madhara yakapungua mno. Kwa mashine ndogo zetu, ningeanza na shimo lililosakafiwa, likafunikwa kwa plastiki nene isiyovuja, na bomba la kupeleka gesi chini ya pipa la kuchemshia. Tope linalobaki ni mbolea ya michikichi.

Mama yule alilitazama shimo, akautazama mzigo wa kuni alioununua asubuhi, kisha akaniuliza plastiki hiyo inauzwa kwa mita au kwa kilo.