Sikati baibui la asiyekuwepo

Wiki iliyopita kaingia mteja kibandani kwangu Mkunazini, Unguja, kashika kitambaa cha nida nyeusi mita tatu na nusu. "Fundi, la mke wangu hili. Likate kama wewe hivi, ila yeye mwembamba kidogo." Shingo anaipenda vipi? Mikono ya kubana au ya kumwaga? "Yeye hana neno, atavaa tu." Nikaikunja nida yake, nikamrudishia.

Siku mbili baadaye kapita mtembeza watalii na mgeni wake. Mgeni kautazama ushungi wangu kwa huruma, akaniuliza kupitia kwa yule kijana: nani kanilazimisha?

Watu wawili, dhana moja, na ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba kichwa cha mwanamke wa Kiislamu lazima kiwe kimeamuliwa na mtu mwingine. Mmoja anasikitika, mwengine anajivunia.

Wangeuliza habari za Unguja yenyewe. Zama za utumwa, kujifunika kulikuwa alama ya uungwana. Mabibi wa Kiarabu walivaa barakoa (si hizi za korona), mjakazi alikuwa na kaniki yake na kichwa wazi. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipoufuta utumwa kisheria, wanawake walioachwa huru walianza kujitanda kanga na ukaya (shela nyepesi ya kichwani), na baadaye baibui. Hawakutumwa na mume. Walikuwa wanachukua heshima waliyonyimwa.

Na leo? Nawashonea ndugu watatu wa nyumba moja. Mkubwa anavaa ninja ya kuziba uso, wa kati ushungi hadi kiunoni, mdogo mtandio wa shifoni anaouangushia mabegani akichoka. Mama yao ni kanga tu, doti moja, anakwenda nayo msibani na sokoni. Mngelazimishwa na baba mmoja mngefanana, niliwaambia, wakacheka.

Sisemi wanaolazimishwa hawapo. Nawajua wakati wa kupima: nikimuuliza urefu, anamtazama aliyemleta kabla hajanijibu. Na sare ya skuli haimuulizi mtoto anataka nini. Lakini hao si wote, wala si wengi kibandani kwangu.

Wanaume wanaokuja kunisomea aya ya 31 ya Suratun-Nur, ya wanawake kujisitiri, aghalabu wameiruka ya 30, inayowaamuru wao wainamishe macho. Masheikh wengi wanasema kujisitiri ni wajibu, nami nafuata. Ila wajibu huo kaamrishwa mwanamke mwenyewe, na nia yake mimi siwezi kuishona, wala mumewe.

Eti hijabu lazima iwe nyeusi: aya ile ya 31 haikutaja rangi. Nyeusi ni desturi, na kwa vumbi letu ni adhabu.

Eti nyeusi haionyeshi mwili. Jamani! Chukua jorjeti nyeusi, tia mkono ndani, simama mlangoni uelekee jua. Ukihesabu vidole vyako, hiyo ni pazia. Nawaambia kila siku na kila siku wananunua ya bei rahisi.

Eti mtandio unakatisha nywele. Kinachokatisha ni kubana mno pale pale kila siku, hasa pembeni mwa paji. Legeza fundo, usifunge nywele mbichi, na pini iache: vaa kofia ya ndani, mtandio utakaa wenyewe.

Yule mteja karudi Jumamosi na mkewe, yeye kabaki nje barazani. Bibi kanizidi urefu kwa shubiri nzima. Nida ile hakuitaka, kachagua ya zambarau, mfuko wa simu kwa ndani, na mikono ya vifungo, maana anapika mikate ya kumimina na mikono ya kumwaga humwingilia kwenye unga.