Habere: kitenzi cha "kuwa na" kilichogeuka wakati ujao

Viambishi tamati vya wakati ujao wa Kifaransa ni -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont. Viweke kando ya avoir, "kuwa na" ya Kifaransa, katika wakati uliopo: ai, as, a, avons, avez, ont. Ukishaondoa av- katika nafsi mbili za wingi, hakuna cha kukariri tena. Vyote vimetokana na habere ya Kilatini, "kuwa na", iliyogandia nyuma ya kitenzi-jina.

Kilatini kilikuwa na wakati ujao wake, ila matamshi yaliuharibu. Cantabit ni "ataimba", cantavit ni "aliimba". B iliyo katikati ya irabu ilipoanza kutamkwa karibu na v, mtu asingejua wimbo umeimbwa au bado. Kwingine, dicet, "atasema", iligongana na dicit, "anasema", maana i fupi isiyo na mkazo ililegea ikawa e. Wakati ujao unaosikika kama uliopita hapa, na kama uliopo pale, haumfai mtu.

Pakashikwa cantare habeo, yaani "nina jambo la kuimba, imenipasa kuimba". Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, tayari aliutumia muundo huu kwa mambo yaliyoandikiwa kutokea. Katika historia ya Fredegar ya karne ya 7 tunakuta daras, "utatoa": ni dare habes iliyokwisha kuungana. Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842, andiko la kale la Kifaransa, vina salvarai, "nitaokoa". Leo "nitaimba" ni chanterai ya Kifaransa, cantaré ya Kihispania, canterò ya Kiitaliano, cantarei ya Kireno.

Hali ya masharti, "ningeimba", ilijengwa hivyohivyo, kwa habere ya wakati uliopita. Cantare habebam imetupa chanterais na cantaría. Kiitaliano kilishika njia yake: kilichukua habere ya tendo lililokamilika, ndiyo maana ni canterei na canterebbe.

Wanafunzi hukwama kwenye shina. Venire habeo, "nitakuja", ilipopoteza irabu ya kati, n na r zikagusana, na ulimi ukapachika d: vendré ya Kihispania, viendrai ya Kifaransa. Kiitaliano hakikupachika kitu, n ilimezwa na r: verrò. Tenere, "kushika", hufanya vilevile: tendré, tiendrai, terrò. Kwa hiyo hizo si kaida zilizovunjwa ovyo, ingawa vitabu vingi huziorodhesha hivyo bila maelezo.

Kiromania hakikuipa habere kazi hiyo katika muundo wake rasmi. Kilitumia kitenzi cha kutaka, voi cânta, njia ileile iliyotupatia -ta- kutoka -taka. Hata hivyo kina pia am să cânt, na hiyo am ni "nina".

Mshono wenyewe bado unaonekana kwenye Kireno cha maandishi. "Nitakupa" ni dar-te-ei: kitenzi-jina dar, kisha te ya mtendwa, kisha ei iliyokuwa habeo. Kihispania cha zamani nacho kiliandika dar te he. Usiandike darei-te, ni kosa, kwa sababu kiwakilishi hakikai baada ya ei. Kukiwa na ukanushi mshono haufunguki kabisa, na te huhamia mbele: não te darei.